Ukuta wa uke umeshuka, ni steji ya pili au ya tatu? Madaktari wawili wamenipa majibu mawili, na mume wangu anataka mtoto

BARUA

Shikamoo shangazi. Naomba usitaje jina wala mtaa maana Uyole watu wananijua kwa biashara yangu. Mi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, wote nimejifungua kawaida bila kisu, huyu wa mwisho alikuwa na kilo nne na zaidi, uchungu ulinishika jioni akaja kutoka kesho yake mchana. Sasaivi yuko darasa la kwanza. Nauza viazi mviringo, napokea vya Umalila na vingine vinatoka Isyonje huko juu, kirikuu ikifika na kuli hayupo sisubiri, nashusha mwenyewe, mzigo ukichelewa kupangwa wateja wanahamia kwa jirani. Hiyo ndo kazi inayosomesha wanangu shangazi.

Tatizo lilianza mwaka jana kipindi cha baridi kali, nilikuwa na kikohozi kisichoisha, jioni moja naoga nikagusa kitu laini kimekaa mlangoni ukeni, kama yai lililomenywa. Niliogopa mpaka nikakaa chini. Asubuhi nikajikagua hakipo, nikasema labda niliota, jioni nimetoka sokoni kipo tena. Tangu hapo ndo maisha yangu, asubuhi kidogo afadhali, jioni kinashuka, kiuno kinavuta kama mtu ananing'inia, na mkojo nikimaliza nahisi bado upo, nimejifunza kukisukuma ndani kwa kidole ndo unamalizikia. Naona aibu hata kuandika haya.

Nilienda kituo cha afya, ilikuwa asubuhi, daktari akanilaza akanipima akasema ukuta wa mbele wa uke umeshuka, uko daraja la pili, sio mbaya, nenda ukafanye mazoezi. Mazoezi gani hakusema na mimi sikuuliza, nje foleni ilikuwa ndefu. Baadaye hali ikawa inanikera nikaenda hospitali nyingine, hiyo siku nilitoka kushusha mzigo nikapanda bajaji moja kwa moja. Huyu daktari akanambia nikohoe, nisukume kama naenda haja, akanisimamisha kabisa, akasema mama hii ni steji ya tatu, tupange oparesheni, na kama umemaliza kuzaa tutoe na kizazi kabisa. Nikatoka pale miguu haina nguvu. Jirani yangu mmoja nilimdokeza juu juu akanambia ya tatu ikienda ya nne ndo basi tena, kama ilivyokuwa kwa marehemu shangazi yake. Usiku silali nawaza wanangu.

Sasa kuna mume. Ni dereva wa malori, Dar Tunduma, nyumbani anakaa siku chache anaondoka. Tuna wasichana watatu na yeye anataka wa kiume, na mama mkwe kule Tukuyu kila nikienda ananiangalia tumbo. Hajui chochote, akirudi nasema tumbo linauma, mara niko kwenye siku zangu, mara mtoto analala na sisi. Siwezi kumwambia kwa sababu niliwahi kumsikia na wenzake wanacheka kwamba mwanamke akilegea ujue anatembea nje. Nikimwambia uke umeshuka si ndo nimejimaliza?

Anayejua ni wifi yangu tu. Yeye kaniletea shabu niwe naweka na majani ya kujifukiza. Shabu nimeitumia, siku hiyo inabana kweli, kesho yake inawasha na kuuma nikikojoa.

Shangazi nisaidie. Daktari yupi anasema kweli? Nikubali oparesheni au nimzalie kwanza huyo mtoto? Na huyu mwanaume nimwambie nini? Ndaga fijo, asante sana.

Mama Viazi, Mbeya

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya kweli, sio ile ya kupita njiani. Umebeba kitu hiki tangu baridi ya mwaka jana, unashusha viazi nacho, unapika nacho, unamkwepa mumeo nacho. Na aibu unayosema unaona, weka pembeni hapa, barua kama yako zinanifikia kutoka Mafinga, Makambako mpaka Kyela, ila wengi wanaandika "rafiki yangu ana tatizo".

Mi sio daktari wako na siwezi kukupima kwa barua. Lakini naona mambo yako yamefungana manne kwenye fundo moja: namba uliyopewa, oparesheni, mtoto wa kiume, na siri ya mumeo. Tuyafungue moja moja, maana mengine yanakuogopesha kuliko yanavyostahili, na mengine umeyapita haraka wakati ndo ya kuangalia.

Nianze na jirani yako. Nadhani alipokwambia ya nne ndo basi tena alikuwa anawaza kansa, maana sisi wote neno steji tumelizoea huko. Mwanangu, hizi steji sio zile. Hii sio kansa na haigeuki kuwa kansa. Kwenye kansa namba inaonyesha ugonjwa umesambaa kiasi gani mwilini, huku kwako namba inaonyesha kitu kimoja tu, ukuta umeshuka mpaka wapi. Basi. Haipimi maumivu, haipimi umebakiza muda gani, na wala haisemi lazima kila mwaka upande namba moja, kuna wanawake wanakaa na steji ileile miaka, wapo inaowaongezeka taratibu, na kuna wengine hasa baada ya kujifungua inarudi nyuma kidogo.

Sasa hao madaktari wawili. Unauliza yupi mkweli, kama vile lazima mmoja awe amekudanganya. Hebu angalia ulichoandika mwenyewe. Wa kwanza alikupima asubuhi, umelala, na hujasema kama alikwambia usukume. Wa pili alikupima umetoka kushusha mzigo, ukakohoa, ukasukuma, ukasimama. Ungekuwa wewe ndo daktari ungeona kitu kilekile? Wewe mwenyewe unasema asubuhi afadhali, jioni kimeshuka. Ukuta huu unashikiliwa na misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyotandazwa chini kushikilia kibofu na kizazi, pamoja na kano zake, vikichoka vinashuka, ukilala vinapumzika. Hata kibofu kikiwa kimejaa mkojo kinaweza kuficha jinsi kilivyoshuka ndo maana wanakwambia ukakojoe kwanza kabla ya kupima.

Halafu hivi vipimo vyenyewe ni vya sentimita. Kile kinachotumika sana na mabingwa duniani kinaitwa POP-Q, kilikubaliwa 1996, na alama yao ya kuanzia ni pale mlangoni ulipokuwa utando wa bikira. Sifuri ni hakuna kilichoshuka. Steji ya kwanza kimeshuka ila bado kiko ndani, zaidi ya sentimita 1 kabla ya kufika mlangoni, na wengi wa hapa hawajui hata kama wanacho. Steji ya pili sehemu iliyoshuka zaidi iko kati ya sentimita 1 ndani ya mlango na sentimita 1 nje ya mlango. Ya tatu imepita hiyo sentimita 1 ya nje lakini haijatoka yote. Ya nne ndo imegeuka yote au karibu yote ikawa nje. Umeona? Kati ya pili na tatu mstari ni sentimita 1 nje ya mlango, mtu anaweza kuwa huku asubuhi na kule jioni, milimita kadhaa tu zinabadilisha jina la hali yako. Na wapo madaktari waliosoma kwa kipimo cha zamani cha daraja la kwanza hadi la tatu, ambapo la pili ni kikifika mlangoni na la tatu ni kikitoka nje. Mmoja kakwambia daraja, mwingine kakwambia steji. Huenda wote walikuwa wanaangalia kitu kilekile kwa rula mbili.

Kingine ambacho naona hukukisikia vizuri kwa mshtuko. Daktari wa kwanza alisema ukuta wa mbele. Ukuta wa mbele maana yake nyuma yake kuna kibofu cha mkojo, ndicho kinachoegemea na kusukuma, ndo maana mkojo haumaliziki mpaka usukume kwa kidole. Hiyo ya mbele ndo inayowapata wengi zaidi. Ingekuwa ukuta wa nyuma ungelalamikia choo, kwamba hakitoki mpaka ubonyeze. Na kizazi chenyewe ni jambo la tatu, kinaweza kushuka pamoja na ukuta au kisishuke kabisa. Sisi mtaani tunasema yote "kizazi kimeshuka" na hapo ndo watu wanaishia kukubali kutoa kizazi ambacho labda hata hakikuwa na shida. Sijui chako kikoje, hukuandika. Muulize daktari kwa maneno haya haya: kilichoshuka ni kipi, ukuta wa mbele, wa nyuma, au kizazi, au vyote? Jibu la hapo lina uzito kuliko hiyo mbili na tatu.

Wala usijione uko peke yako Uyole nzima. Kuna utafiti ulifanyika vijijini Kilimanjaro, wilaya za Hai, Rombo na Same, ukatolewa 2018, walipimwa wanawake 1,047 na takriban 65 kati ya kila 100 walikuwa na steji ya pili kwenda juu. Wengi mno eh? Lakini ambao ilikuwa imetoka nje sentimita 1 au zaidi walikuwa kama 7 tu kati ya 100. Kubeba mizigo mizito kwa miaka kulionekana kuhusiana nayo, na umri, na kuzaa. Mi nasema hapa nyanda za juu tungepimwa tusingekuwa mbali na hapo, na ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 hata kabla hujataja viazi. Huyo mwenzio unayepanga naye foleni ya maji huenda anacho na yeye kanyamaza.

Na hili ulitoe kichwani: hakijashuka kwa sababu ya wanaume. Mtoto wa kilo nne na zaidi kapita pale baada ya uchungu wa usiku mzima na nusu ya siku, hiyo misuli na neva zilivutika, wengine zinachanika kabisa. Ukaongeza mzigo, ukaongeza kikohozi cha baridi ambacho kila ukikohoa kinasukuma chini, yai lako likaonekana. Tendo la ndoa halishushi ukuta wa uke, liwe na mume mmoja au na mtu yeyote.

Haya, nini cha kufanya. Hapa sikupi amri ila nakuonyesha njia zilizopo na miiba yake.

Njia ya kwanza ni ile uliyoambiwa mlangoni ukaondoka bila kufundishwa, mazoezi ya sakafu ya nyonga, wengi wanayaita ya Kegel. Unabana kama vile unazuia hewa isitoke nyuma na mkojo usitoke mbele kwa pamoja, unavuta juu kwa ndani, sio kubana makalio wala mapaja wala kushika pumzi. Shikilia ukiweza mpaka sekunde 10, achia taratibu, pumzika, rudia kama mara 10, asubuhi mchana na usiku. Ukianza na sekunde 3 ni sawa. Usizoee kufanya katikati ya kukojoa. Na kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua kitu, bana kwanza ndo uinue. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa Uingereza, New Zealand na Australia, wanawake wa steji ya kwanza hadi ya tatu waliofundishwa na mtaalamu na kufuatiliwa walipata nafuu ya dalili kuliko ambao hawakufundishwa. Sikiliza, nafuu ya dalili, sio kwamba ukuta ulirudi kama wa binti. Mwiba wake ni kwamba inataka miezi, mitatu mpaka sita, kila siku, na wengi wanabana sehemu isiyo yenyewe. Ndo maana ni vizuri nesi au mtu wa fizio akuguse na kukwambia hapo hapo, sivyo hivyo.

Njia ya pili naona hakuna aliyekutajia. Inaitwa pesari, ni kiringi cha silikoni laini kinawekwa ndani kinashikilia ukuta juu. Unatembea nacho, unauza viazi nacho, aina ya ringi ukifundishwa unaweza kukitoa mwenyewe ukakiosha na kukirudisha, na tendo la ndoa linawezekana kikiwemo au ukikitoa kwanza. Kinapimwa kwa saizi, cha kwanza kinaweza kuanguka ukajaribu kingine. Miiba yake: kinaweza kuleta uchafu mwingi au harufu au kukwaruza, na ukikipuuza ukakisahau humo kwa miaka kinaleta vidonda vibaya sana. Mwenye pesari lazima awe na tarehe ya kurudi kliniki. Sio kila hospitali wanazo, ulizia kwenye kliniki ya magonjwa ya akina mama ya hospitali kubwa, kwa hapo Mbeya Hospitali ya Rufaa ya Kanda wana kitengo cha wazazi pale Meta, wapo pia wanaopanda mpaka Ikonda kule Makete.

Njia ya tatu ndo oparesheni. Daktari wa pili hakukosea kuitaja, mtu ambaye jioni kinatoka nje na mkojo haumaliziki mpaka kidole ni mtu wa kuongea naye kuhusu oparesheni. Kwa ukuta wa mbele wanaushona kwa kupitia ukeni, wanaurudisha kibofu mahali pake. Wengi wanapata unafuu mkubwa na kuendelea na maisha. Lakini uingie ukijua haya. Inaweza kurudi, kwa ukuta wa mbele ni kama wanawake 30 kati ya 100. Wapo ambao baada ya kushonwa mkojo unaanza kuvuja wakikohoa, ulikuwa unazuiwa na ule mkunjo sasa njia imenyooka. Wapo wanaopata maumivu wakati wa tendo. Na kunyanyua vizito ni marufuku kwa wiki 6 mpaka 12, kwa hiyo swali lako sio hospitali tu, ni nani atashusha viazi na kwa hela ipi. Ukisikia wanataja nyavu ya kuwekwa ukeni uliza mara mbili, Marekani mwaka 2019 waliagiza kampuni ziache kuuza nyavu za kupitishia ukeni kwa tatizo hili baada ya matatizo mengi.

Na ipo ya nne ambayo watu hawaihesabu, kutofanya lolote kubwa kwa sasa, unapunguza yanayosukuma chini na unapimwa tena baada ya miezi. Tibu hicho kikohozi, na kama unapikia kuni ndani ya jiko lililofungwa angalia moshi. Choo kigumu usikivumilie, kunywa maji, kula maharage, mboga, maparachichi tunayo mpaka yanaoza njiani. Mzigo ugawe kwenye ndoo ndogo, na kuli akichelewa piga hesabu upya, anakugharimu kiasi gani kwa gunia na mgongo wako unagharimu kiasi gani. Najua ni rahisi mi kuandika, hela ya kuli ndo hela ya daftari. Lakini fanya hesabu kwa kalamu kabisa, sio kichwani. Mwiba wa njia hii ni kwamba kwa mkojo unaobaki unaweza kuwa unapata maambukizi ya mara kwa mara, kwa hiyo kungoja ni kungoja huku unapimwa, mkojo unaangaliwa. Sio kungoja kwa kujificha.

Shabu hiyo naomba uache leo. Hapa sitakupa pande mbili. Inakausha na kuunguza ngozi ya ndani, kule kubana unakosikia ni ngozi imekakamaa, ukuta haujapanda hata kidogo, na kuwasha na kuuma unapokojoa unajua kumetoka wapi, au kuna maambukizi juu yake, kapimwe mkojo. Mvuke nao unaweza kukubabua pabaya. Wifi yako hana nia mbaya, na ndiye mtu pekee aliyekaa na wewe kwenye hili, kwa hiyo usimfukuze pamoja na shabu yake. Mpe kazi nyingine, akusindikize hospitali.

Sasa mtoto. Umeuliza kama vile ni lazima kimoja kifuate kingine, oparesheni au mtoto. Kushuka huku peke yake hakukuzuii kushika mimba. Ila madaktari wengi wanapenda kusubiri kushona mpaka mama amalize kuzaa, kwa sababu mimba na kujifungua tena kunaweza kurudisha kilichoshonwa. Hapo ndo pesari na mazoezi vinapopata maana, vinakushikilia katikati. Upande mwingine mimba nayo ni uzito, na huyo wa mwisho alikuwa mkubwa, na wewe unakimbilia 40, kwa hiyo kuzaa kwanza kunaweza kukiongeza. Wanaozaa wapo, wanaofuatiliwa wapo, wengine wanashauriana na daktari njia ya kujifungulia. Na kutoa kizazi kukishafanyika hakuna kurudi, na wakati mwingine ukuta unaweza kushonwa kizazi kikabaki, kwa hiyo usiweke saini mpaka umelijibu swali hili moyoni mwako wewe: mimi, sio mama mkwe, mimi namtaka mtoto wa nne? Barua yako yote umesema anataka, wanataka. Hujaniambia wewe unataka nini. Labda unataka kabisa, ila sijakusikia. Na kwa vile nimegusa Tukuyu niseme tu, jinsia ya mtoto inaamuliwa na mbegu ya baba, mama mkwe akiangalia tumbo lako anaangalia nyumba isiyo yenyewe.

Tunabaki na dereva wetu. Unaogopa ukimwambia atasema unatembea nje, kwa sababu ya utani uliousikia akiwa na wenzake. Inawezekana ndivyo anavyoamini. Inawezekana pia ni maneno ya wanaume wa maegesho ya Tunduma ambao kila mmoja anaogopa kuonekana mpole mbele ya mwenzake. Wewe unamjua, mimi simjui. Ila jiulize na hili: mtu anayerudi baada ya wiki na kila akirudi tumbo linauma, siku zako hazieleweki, mtoto yuko katikati ya kitanda, yeye anafikiria nini? Unanyamaza ili asikushuku, na kunyamaza kwenyewe huenda ndo kunamshushia shaka.

Ukiamua kumwambia, sio lazima uanze na neno uke. Unaweza kuanza na kibofu, na ni ukweli mtupu: kibofu changu kilivutika nilipomzaa mdogo, kimeshuka, mkojo haumaliziki, daktari anataka tuongee wote wawili. Akiona kwamba kimetokana na kumzaa mwanae maneno ya maegeshoni yanapungua nguvu. Wengine wanapenda ayasikie kwa daktari au nesi moja kwa moja, faida yake ni kwamba hawezi kusema umetunga, hasara yake kuna wanaume wanachukia kushtukizwa mbele ya mtu. Wengine wanamtanguliza mtu anayemheshimu, dada yake mkubwa kwa mfano, lakini siri ikishafika kwa dada mkubwa ujue Tukuyu imefika jioni hiyo hiyo. Na kama humwambii kwa sasa, kama ni mtu wa kupiga au wa kufukuza, hiyo nayo ni sababu ya kweli na sitakulaumu, ila basi angalau wifi awe anajua tarehe zako za hospitali, na usiache matibabu kwa ajili ya kumlindia yeye asijue.

Tendo lenyewe pia, kama huumii na hakuna kidonda, halikatazwi. Wengi wanaona wakilala ukuta unarudi wenyewe na mwanaume hata hatambui. Wewe unamkwepa kwa woga wa kuonekana, sijui kama ni kwa maumivu pia, hukusema.

Kuna vitu ambavyo ukiviona usisubiri tarehe ya kliniki wala kirikuu: mkojo ukigoma kabisa kutoka, kilichotoka kikiwa na kidonda au damu au kikigoma kurudi ndani, homa na maumivu ubavuni mgongoni kwenye figo, au damu baada ya tendo. Na mkojo ukianza kuchuruzika wenyewe muda wote hata hujasukuma wala kukohoa hiyo ni habari nyingine, inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya njia ya mkojo na uke, waambie hivyo hivyo. Kwa umri wako na ukishapanda kwenye kile kitanda omba na uchunguzi wa mlango wa kizazi, utakuwa umeshavua nguo tayari.

Siku ya kwenda chagua mchana, usijipumzishe kwanza ili waone kile unachokiona wewe jioni. Kojoa kwanza, na uombe wakuangalie kama kuna mkojo unaobaki. Waambie wakupime ukisukuma na ukisimama. Mwambie daktari aandike kwenye karatasi ni ukuta upi, ni steji ngapi kwa kipimo kipi, na kizazi kiko wapi, halafu karatasi hiyo uitunze, daktari wa tatu akikupa namba nyingine uwe na cha kumwonyesha. Mwambie pia kuhusu kidole, usimfiche kwa aibu, hilo tu linambadilishia picha nzima. Na kabla hajataja oparesheni wewe mtajie pesari, uone anasemaje.

Ukishapimwa niandikie tena, ila safari hii uniambie na wewe unataka nini kuhusu huyo mtoto.

Shangazi